Diwani wa Chini ya Ardhi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, zilizoandikwa kitandani lakini na kichwa ambacho bado kiko sawasawa. Ni matumaini yangu kwamba u mzima, goti lako limepunguza kuuma, na wapwa wangu wako salama huko waliko. Mimi nipo. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Daktari alikuja, akanipima, kisha akazungumza na muuguzi mlangoni kwa sauti ya chini, kana kwamba na masikio yangu yameugua. Nimeishi vya kutosha kujua maana ya daktari anayeacha kumkataza mgonjwa vyakula.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, utaanza kulia au kunituliza, nami pumzi zangu siku hizi ni za kubana matumizi. Tafadhali funga mlango wa ofisi yako, mwambie karani asikupitishie mtu, na usome mpaka mwisho kabla hujainuka kwenda popote.

Nimekasirika. Juzi asubuhi muuguzi alifungua redio huku akinigeuza ubavu, nikasikia sauti yako. Mtangazaji alikuuliza msimamo wako juu ya mkataba wa kampuni ya mtandao, ule ambao baraza litaupigia kura wiki ijayo. Ukasema kwamba kazi ya baraza la mji ni maji, taka na barabara. Ukasema intaneti ni bidhaa kama sabuni, anayeitaka aifuate dukani. Ukasema hata kama baraza lingetaka kuwapelekea wananchi intaneti yake lenyewe, halina uwezo wa kuchimba mji mzima kupitisha nyaya, kwa hiyo heri kampuni ipewe mji wote kwa miaka ishirini, na baraza liahidi kutotia mguu katika kazi hiyo. Kisha ukacheka kidogo, ukasema nyumbani kwako aliwahi kuwapo mtu aliyeota ndoto hiyo, na ikamtoa kwenye kiti. Mtangazaji naye akacheka. Alijua unamsema nani. Kila aliyekuwa na redio alijua.

Nilikuwa na kikombe cha dawa mkononi. Nilikirusha ukutani. Muuguzi alinitazama, akauliza kama mzee leo tumeamka na mashetani. Nikamwambia afunge hiyo redio kabla sijaifunga mimi kwa njia yangu.

Muuguzi huyu humjui vizuri. Asubuhi mapema hupita kwangu, mchana hufanya kazi kwenye zahanati ya bondeni, jioni hurudi kunilaza. Alipokuwa anafuta ile dawa ukutani alianza kuzungumza, nadhani ili kunipoza, lakini alichochea moto. Alisema kule bondeni kampuni haijafika na haina mpango wa kufika. Mtu wao wa mauzo aliwaambia wazi kwamba eneo lile halina wateja wa maana. Basi mgonjwa akipigwa picha ya kifua, na picha ile inatakiwa kuonwa na daktari bingwa wa hospitali kuu, yeye hupanda ngazi ya tangi la maji nyuma ya zahanati, simu kaibana kwa meno, kwa sababu ni kule juu tu mawimbi yanapatikana. Wanawake walio kwenye foleni humpigia kelele wakisema, haya dada, ukifika huko juu utusalimie. Anacheka akisimulia. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu niliyesoma na nilikuwa mkuu wa idara ya ujenzi, kwa nini maji yamefika bondeni na mtandao haufiki.

Nilijifanya nimepitiwa na usingizi.

Sasa nikujibu wewe. Unasema bidhaa. Umesahau mwenye mkokoteni wa maji? Tulipokuwa wadogo, maji nayo yalikuwa bidhaa. Mama alitutuma na madebe, tukamsubiri barabarani, na mvua ikinyesha hakuteremka kwetu kwa sababu gurudumu lilizama kwenye tope. Waliokaa juu waliyapata mlangoni. Sisi tulipanda na kushuka, wewe ukilia kwamba debe linakukata vidole. Wakati ule pia walikuwapo mabwana waliovaa tai waliosema baraza haliwezi kusambaza maji, liwaachie wenye mikokoteni maana hao ndio wenye uzoefu. Baraza likachimba. Bomba likateremka mpaka nyumba ya mwisho, na halikumuuliza mtu yeyote kama yeye ni mteja wa maana.

Najua hofu zako, na si za kipuuzi. Uliniambia hapa hapa, umekaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, kwamba baraza lililoshindwa kuzoa taka za sokoni halitaweza kurekebisha intaneti ikikatika. Ukasema pia kwamba siku moja atakuja meya mwenye roho mbaya, apewe ufunguo wa mtandao wa mji, awazimie wote wanaomsema. Hayo ni maswali ya mtu mzima. Lakini taka zikioza sokoni, watu wanajua ofisi yako iko wapi. Wanakuja, wanakupigia meza, na kura ikifika wanakuondoa. Kampuni utaipigia meza gani? Ukipiga simu unajibiwa na mashine, inakushukuru kwa uvumilivu wako, halafu inakupigia muziki. Na huyo meya mwovu, mfungieni ufunguo kwa sheria ndogo, muweke kamati inayokaa hadharani, wewe si ndiye mtunga sheria? Bishana kwa hoja hizo, na hata ukipiga kura ya kukataa nitakuheshimu. Ila usikatae kwa sababu ya kuchimba. Nakuomba, mdogo wangu, nakuamuru kama bado naweza kukuamuru, usikatae kwa sababu ya kuchimba.

Na hapo ndipo nifike kwa mume wako.

Unakumbuka yeye alipokuwa diwani alivyoleta hoja kwamba baraza lenyewe lipeleke intaneti ya kasi kwenye shule, zahanati na kila nyumba inayolipa maji. Madiwani wengi waliipenda, mpaka watu wa kampuni walipotoa hesabu ya kuchimba mitaro. Wote wakanywea. Ndipo mume wako aliposimama akasema kuchimba hakuhitajiki, maana chini ya barabara zetu yamelala mabomba matupu, mali ya baraza, yanasubiri nyaya tu. Meya akamuuliza ameyajuaje. Akasema aitwe mkuu wa idara ya ujenzi, yeye ndiye mwenye kujua kilichomo ardhini. Nikaitwa, nikasema hakuna kitu kama hicho. Watu walicheka mpaka mpiga kengele wa kutuliza ukumbi akajisahau na yeye.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa kuwa uliishi nacho chumbani. Wakambandika jina, Diwani wa Chini ya Ardhi. Akipita sokoni wauza mitumba wanainama na kugonga lami kwa kisigino, wanauliza kama kuna mtu humo. Muuza kahawa anamkaribisha kwa heshima zote, kisha anamuuliza habari za huko chini. Watoto wako walirudi kutoka shuleni wakilia. Uchaguzi ukaja, akaanguka vibaya. Miaka ikapita, ukakigombea kiti kile kile wewe, ukakipata kwa kuwaahidi watu kwamba wewe huoti.

Hata siku ya kumzika hawakumwacha. Jeneza lilipokuwa linateremshwa, mtu aliyesimama nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba sasa mheshimiwa amepata nafasi ya kwenda kuyatafuta mabomba yake mwenyewe. Nilisikia vizuri. Bega la mwenzake lilitikisika kwa kicheko. Nami nikachota udongo, nikarusha.

Mabomba yapo.

Nimeandika maneno hayo mawili, nikaweka kalamu chini, nikapumzika, na sasa naendelea. Yapo. Mimi ndiye niliyeyalaza. Nilipoanza kazi idarani, nilichukizwa na jinsi tulivyokuwa tukiifanyia barabara moja: wa maji anachimba, anafukia, wa umeme anakuja, anachimba, anafukia, wa simu naye hivyo hivyo, mpaka barabara inabaki na makovu kama mgonjwa aliyepasuliwa kila mwaka. Nilipopewa idara niliweka desturi yangu. Hakuna mtaro utakaofukiwa ukiwa na bomba moja. Juu ya bomba la maji tulilaza jingine, jeusi, la plastiki, nene kama kifundo cha mkono, tupu, limezibwa ncha zote mbili. Mafundi waliliita mgeni, kwa sababu tulikuwa tumemtandikia kitanda mtu asiyejulikana atakuja lini. Kabla ya kurudisha udongo msimamizi alisimama ukingoni akauliza kama mgeni kalala, nao wakajibu kwa pamoja kwamba kalala fofofo. Kila lilipopita bomba la maji katika mji huu, mgeni yuko juu yake. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya maishani.

Lakini haikuwa kwenye mpango wowote wa baraza. Mwanzoni tulitumia mabaki ya mradi wa maji. Yalipokwisha nikawa naagiza mengine kwa jina la maji. Sikula hata senti, lakini sheria haiulizi moyo wako ulikuwa na nini. Kujenga kisichoidhinishwa na kuagiza vifaa kwa jina la uongo ni kosa la kumwaga unga wa mtu na kumfungia ndani.

Mume wako nilimwambia mimi mwenyewe. Ilikuwa mchana, kibarazani kwako, hoja yake ikiwa imekwama kwenye kuchimba. Nilimwona amekata tamaa, nami nikajawa na kiburi cha fundi anayeulizwa kazi yake. Nikamwambia mji ulikwisha chimbwa. Aliruka akanikumbatia, miwani yake ikatumbukia kwenye kikombe cha chai. Tukakubaliana kwamba hatanitaja. Ataomba niitwe, nami nitaeleza kwamba idara iliona mbele. Alisema nani atamwadhibu mtu kwa kuona mbele.

Kabla ya kikao mhandisi wa kampuni alinijia ofisini. Kijana mpole, viatu safi, hakuketi mpaka nilipomkaribisha. Akasema walipokuwa wanapima barabara walikutana na mabomba yangu. Akayasifu sana. Akasema si rahisi kupata kazi ya namna ile. Kisha akasikitika kwamba mhandisi wa mji wa jirani amechukuliwa na wakaguzi kwa jambo dogo kuliko hilo, tena mbele ya wanawe. Kampuni yake, alisema, haina sababu ya kuzungumzia mabomba ambayo hayapo. Akaaga kwa mikono miwili. Hakunitisha hata kwa neno moja, na mpaka leo nikikumbuka adabu yake damu inanichemka.

Nilipoitwa mbele ya baraza mume wako alikuwa ananitazama huku anatabasamu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Meya akauliza. Nikasema, mheshimiwa, chini ya barabara zetu kuna mabomba ya maji na udongo, kingine sikijui. Kicheko kikaanza. Angeweza kuniumbua kwa sentensi moja, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. Alivua miwani, akaifuta, akaketi.

Alinisubiri nje, kwenye maegesho. Nilidhani atanipiga na nilitamani anipige. Akaniambia, shemeji, watoto wako bado wanasoma, na wakaguzi nawajua, sitasema. Akaniomba kitu kimoja tu, kwamba nikistaafu salama, niseme mwenyewe. Nikamwapia. Nikastaafu salama, nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Yeye alikuwa bado hai. Kila tulipokutana aliniuliza afya yangu, kisha akasubiri. Nami nilizungumzia mvua. Alikufa akisubiri.

Hakukuambia hata wewe. Ulikuja kwangu ukaniuliza, umejifunika uso, kama mumeo ameanza kurukwa na akili. Nikakujibu kwamba amechoka, mwache apumzike, usimsikilize katika jambo lile. Nilikuambia hivyo mimi, kaka yako, na ukanishukuru. Basi hasira niliyoisikia juzi nikikusikia redioni ilikuwa hasira ya mwizi anayemsikia mwenye nyumba akiapa kwamba hajawahi kuibiwa kitu.

Na hao kampuni usiwasahau. Baada ya hoja ya mume wako kuangushwa walifikisha nyaya mitaa yote ya juu, na mji ukawasifu kwamba wanafanya kazi kwa usafi, hata vumbi hawakutimua. Vumbi litoke wapi? Walipita ndani ya mabomba yetu, na nyumba zile wamezitoza gharama za kuchimba. Nilipita barabarani nikiwaona wakifungua mifuniko ya mabomba yangu, nikageuza uso. Sasa wanataka mji uwaachie na sehemu iliyobaki, na wewe unataka kuwapa kwa sababu eti kuchimba ni kazi kubwa.

Usiniamini kwa maneno. Niliyekudanganya mara moja sistahili. Nyuma ya zahanati ya bondeni, chini ya ile ngazi ya tangi, fukua kidogo utakuta mfuniko wa zege. Mwingine uko kwenye lango la shule, umefunikwa na changarawe. Ndani ya kila bomba tuliacha kamba ya nailoni ya kuvutia nyaya. Chukua mashahidi. Mtu mmoja avute upande wa zahanati, wengine waangalie upande wa shule. Kamba itatembea. Fanya hivyo mchana, mbele ya watu, kabla ya kikao, maana mawakili wao watasema mzee ameanza kuweweseka.

Nakujua, mdogo wangu. Ukimaliza kulia utatafuta namna ya kuyafanya mabomba yaonekane kama yamegunduliwa kwa bahati, ili nife na jina langu. Mume wako alinificha kwa upendo, na upendo ule umewapandisha watu kwenye matangi mpaka leo. Njia hiyo nimeifunga. Jana nilimwita katibu wa baraza hapa kitandani nikamweleza yote, muuguzi akiwa shahidi. Alitoka bila kunipa mkono, na sikumlaumu. Nimewekwa kwenye ajenda kabla ya kura. Muuguzi ameazima kiti cha magurudumu, na ameapa kwamba nisipokufa kabla ya siku hiyo atanisukuma mwenyewe, na nikifa njiani bado atanifikisha.

Ninachokuomba ni kwamba usije hapa kabla ya kikao. Nikiuona uso wako nitalegea. Ukumbini usiinuke kunisaidia. Niulize kama diwani, wala si kama dada, na uniulize kwa ukali, kila kitu, mpaka hapo kwenye maegesho. Kisha piga kura yako unavyoona, ni yako. Msamaha sikuombi. Mtu anayekufa akiomba msamaha anautoa kwa mwenzake kwa nguvu, nami kwa mume wako nimekwisha chukua mengi mno bila ridhaa yake.

Muuguzi amefika, anagombana nami kuhusu taa na karatasi, kwa hiyo nakomea hapa. Mungu akulinde, na goti lako ulikande kwa maji ya moto. Wapwa wangu nawatumia salamu, lakini wasomee kwanza barua hii yote, usiwarukie hata mstari. Wakishasikia baba yao alikuwa nani, ndipo uwaulize kama salamu za mjomba wao bado wanazitaka.

Ni mimi kaka yako,
aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi.